Fimbo ikiwekwa chini, mwalimu ashike nini?

Kwenye madarasa mengi ya shule za msingi Tanzania kuna karatasi moja ambayo haimo kwenye mtaala wala kwenye waraka wowote. Kichwa chake ni "Wapiga kelele". Mwalimu akitoka tu, monita anachana ukurasa katikati ya daftari na kuanza kuandika majina. Jina likirudiwa linawekewa pembeni x2, kisha x3. Wapo wanaofutwa kwa kumpa monita kipande cha muwa, na wapo wanaoandikwa kwa sababu jana walimshinda kwenye mpira. Mwalimu akirudi anasoma orodha, anawapanga mbele ya ubao, fimbo mbili kila mmoja, na mwenye x3 anakula sita. Kipindi ni cha dakika 40. Dakika 15 zimekwenda na hakuna hata mtoto mmoja aliyefundishwa namna ya kufanya kazi kimya.

Anayetaka kuwafundisha walimu nidhamu isiyo na kipigo aanze na karatasi hiyo, kabla ya hotuba yoyote ya haki za mtoto. Inaweza kuondolewa kesho asubuhi bila shilingi moja, na ikiondoka, viboko vingi vya siku vinakosa pa kuanzia. Monita abaki na kazi, ila kazi nyingine: kugawa madaftari, na kuandika nani amekwama swali la ngapi ili mwalimu akirudi ajue pa kuanzia. Mwalimu naye anayetoka aache maswali matano ubaoni na aseme atarudi saa ngapi. Watu wazima 30 wakiachwa ukumbini bila kazi hupiga kelele. Watoto 90 hawawezi kuwa tofauti.

Natumia mfano huu kwa sababu unaonesha kasoro ya mafunzo mengi ya aina hii. Mwalimu anaambiwa aache fimbo. Anaelezwa madhara yake, anaoneshwa picha, anasaini karatasi ya mahudhurio, anarudi shuleni. Jumatatu saa 2:40 asubuhi yuko mbele ya watoto 110, watatu au wanne kila dawati, kona ya nyuma wamesimama wawili wanagombea rula. Hakuna aliyemwambia afanye nini katika sekunde kumi zinazofuata. Fimbo anaijua, imefanya kazi juzi, walau kwa dakika tano. Ataishika. Hapo siyo kwamba mwalimu ni mkatili au mkaidi. Amenyang'anywa kifaa na hakupewa kingine.

Sheria lazima ifundishwe, lakini siyo asubuhi ya siku ya kwanza. Ikitangulia, walimu wanakunja mikono na kunyamaza hadi chakula cha mchana, kila mmoja akidhani amekuja kushtakiwa. Iweke siku ya pili, tena kwa zoezi. Tanzania Bara kanuni za adhabu ya viboko zilizotolewa mwaka 2002 kwa Tangazo la Serikali namba 294 hazijafuta kiboko, lakini zimekibana. Anayeruhusiwa kuchapa ni mkuu wa shule, au mwalimu aliyepewa idhini naye kwa maandishi. Viboko visizidi vinne. Kinachotumika ni kijiti chepesi kinachopinda, kwenye kiganja au kwenye makalio yaliyovikwa nguo kama kawaida, si pengine popote. Mwanafunzi wa kike achapwe na mwalimu wa kike, isipokuwa shule isiyo na mwalimu wa kike, ambako mkuu wa shule ndiye hufanya. Na kila tukio liandikwe kitabuni: jina la mtoto, kosa, idadi ya viboko, jina la aliyechapa.

Zoezi lenyewe ni hili. Waambie walimu, bila kuandika majina, wahesabu ni mara ngapi wiki iliyopita fimbo ilitumika shuleni kwao, halafu wahesabu ni mara ngapi masharti yote hayo yalitimia. Mwezeshaji asiseme kitu. Asubiri. Ukumbi wenyewe utaona kwamba mabomba ya maji, rula za mbao, vibao vya kufutia na makofi ya shavuni havimo hata kwenye kanuni inayoruhusu kiboko, na kwamba mwalimu wa zamu anayechapa mstari mzima wa waliochelewa hana karatasi ya idhini mfukoni. Kwa Kenya zoezi ni fupi zaidi: adhabu ya viboko shuleni iliondolewa mwaka 2001, na kifungu cha 36 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 kinampeleka anayemtesa mwanafunzi kwenye faini isiyozidi shilingi 100,000, kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote viwili. Uganda nayo ilipiga marufuku kwa marekebisho ya sheria ya watoto ya mwaka 2016. Hata hivyo watoto wa nchi hizo mbili bado wanachapwa, na hiyo ndiyo sababu ya kuandika haya. Marufuku peke yake haimfundishi mtu kuongoza darasa.

Mafunzo yawe ya nani, na siku ngapi

Yawe ya walimu wote wa shule, kwa pamoja, na mwalimu mkuu akae siku zote, siyo afungue na kuondoka. Mtindo wa kumtuma mwakilishi mmoja kila shule ni upotevu wa fedha. Anarudi na cheti na posho, anapewa dakika kumi kwenye kikao cha walimu kati ya ajenda ya chakula cha wanafunzi na ajenda ya michezo, na baada ya wiki anaitwa "mama haki za watoto" kila anapofungua mdomo. Mtu mmoja hawezi kubadilisha desturi ya ofisi ya walimu yenye watu 22.

Siku tano zinatosha kwa msingi, saa sita za kazi kila siku, kikundi kisizidi watu 35, wawezeshaji wawili. Mmoja wa wawezeshaji awe mwalimu ambaye hadi leo anashika chaki kwenye darasa kubwa. Hili halina mbadala, kwa sababu swali la kwanza la ukumbi, likiulizwa au lisiulizwe, ni: wewe unafundisha watoto wangapi? Asiyeweza kulijibu hatasikilizwa. Shule isiyopata siku tano mfululizo itumie vipindi vya MEWAKA, yale mafunzo endelevu ya walimu kazini, kwa vipande vya saa mbili, mada moja kwa kila kipande, na kila kipande kiishie na jambo moja la kwenda kulifanya darasani kabla ya kukutana tena. Usiyapange wiki ya mitihani. Wala usiyapange jioni baada ya vipindi saba. Mwalimu aliyechoka atakubali kila kitu na hatashika chochote.

Siku ya kwanza ni ya kumbukumbu. Kila mmoja aandike kwenye karatasi, bila jina, adhabu moja aliyopewa akiwa mtoto ambayo bado anaikumbuka: kosa lilikuwa nini, alipigwa na nini, alijifunza nini siku ile. Karatasi zichanganywe na kusomwa na wengine. Hapa ndipo litakapoinuka lile jibu linalojulikana: "Mimi nilichapwa, na ndiyo maana leo ni mwalimu." Usibishane nalo. Uliza mambo mawili tu. Yule mwalimu aliyekufikisha hapa, mbali na kuchapa alikufanyia nini kingine? Na wale mliochapwa nao dawati moja, wasiofika, wako wapi? Majibu ya swali la kwanza karibu siku zote yana mtu aliyemfuata nyumbani, aliyempa kalamu, aliyemrudishia somo jioni. Majibu ya swali la pili hunyamazisha ukumbi. Tahadhari moja: kuna watakaolia, wengine kwa mambo mazito kuliko kiboko cha shuleni. Tenga chumba na mtu mwenye ujuzi wa unasihi tangu asubuhi, siyo baada ya mtu kuvunjika mbele ya wenzake.

Methali nazo zitatajwa, na lazima zijibiwe kwa heshima maana ni mali ya watu. Samaki mkunje angali mbichi: naam, anakunjwa, tena kwa mkono mwepesi ili asivunjike. Hakuna anayemkunja samaki kwa kumpiga. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe: ni kweli, na mtoto atalia akiambiwa arudie kazi yote aliyoiacha wakati wenzake wanacheza. Kumchelea ni kumwacha bila mpaka, na kuacha fimbo siyo kuacha mipaka.

Mafungu matatu ya makosa

Zoezi ninaloliamini kuliko yote ni la kadi. Kila mwalimu aandike makosa matano aliyoyaadhibu karibuni, kila kosa kadi yake. Kisha kadi zipangwe mezani katika mafungu matatu: mtoto hakuweza, mtoto hakujua, mtoto aliamua. Kila kadi ibishaniwe. "Amekosa hesabu sita kati ya kumi" inakwenda wapi? Kuna shule ambako kila kosa ni fimbo moja, kwa hiyo mtoto huyo alikula sita kwa kutojua kukopa kwenye kutoa. Fimbo haifundishi kukopa. Inachofanya ni kwamba kesho akili yake yote itakuwa kwenye mkono wa mwalimu, siyo kwenye tarakimu, naye atanakili kwa jirani, na mwalimu atapoteza ushahidi pekee wa mahali somo lilipokwama. "Haandiki" wakati mwingine ni haoni ubao. Mpeleke dawati la mbele siku mbili kabla ya kuamua ni mvivu. "Amelala darasani" ni fungu la kwanza hadi ithibitike vinginevyo, hasa baada ya saa sita mchana shule isipokuwa na uji.

"Amechelewa namba", yaani kuhesabiwa kwa asubuhi, huleta ubishi mkubwa kuliko zote. Mtoto wa kilomita tano, anayechota maji kabla ya kutoka, anachapwa getini kila siku, kisha anafagia, kisha anaingia kipindi cha pili. Adhabu ya kuchelewa inamchelewesha zaidi. Fungu la tatu, la walioamua kabisa, likihesabiwa jioni huwa dogo kuliko ukumbi ulivyodhani asubuhi, na walimu wenyewe ndio wamelihesabu.

Kazi za mikono: siku ya tatu na ya nne

Ishara ya kunyamaza ni kitu kidogo kinachoharibiwa na karibu kila mtu anayeanza. Kwenye darasa la watoto 100 mkono ulioinuliwa hauonekani nyuma. Chagua makofi ya mdundo, mwalimu anapiga pa-pa-papapa, watoto wanaitikia mara moja na kunyamaza. Mdundo mmoja tu, usibadilishwe kwa mwezi mzima. Ufundishwe kama unavyofundishwa wimbo: elezwa, oneshwa, rudiwa mara kumi siku ya kwanza kukiwa hakuna kelele yoyote. Baada ya kuitikiwa, mwalimu asubiri kimya kamili, kisha aongeze sekunde tano ndipo aseme. Ikishindikana, sababu ni moja kati ya hizi: ameanza kusema watoto wakiwa bado wananong'ona, na hivyo amewafundisha kwamba ishara haina maana, au ameitumia mara 20 kwa kipindi kimoja mpaka imekuwa mchezo.

Madawati yapangwe njia ya kupita ipatikane, hata kama ni moja tu yenye umbo la U kutoka mlangoni, kuzunguka nyuma, kurudi ubaoni. Mwalimu asiyeweza kufika kona ya nyuma atapiga kelele kutoka mbele, na akichoka kupiga kelele ataita watu mbele. Kwa darasa kubwa, miguu ya mwalimu ndiyo nidhamu. Dakika tano za kwanza ziwe na kazi ambayo iko ubaoni kabla watoto hawajakaa, maswali matatu ya jana, ili mahudhurio yaitwe watu wakiandika.

Sheria za darasa zisizidi tano na zitungwe na watoto. Chati ya manila yenye "usi-" kumi na saba ni pambo. Andika kinachotakiwa: tunanyoosha mkono kabla ya kusema, tunamaliza foleni bila kusukumana. Kila sheria iigizwe, vibaya kwanza kisha vizuri, kwa sababu mtoto wa darasa la pili akiambiwa "kuwa na heshima" hajui afanye nini na mikono yake.

Kosa likitokea, ngazi ni hizi, na mwalimu hapandi ya juu kabla ya kujaribu ya chini. Kwanza anamtazama na kunyamaza sekunde mbili. Ikiwa haijatosha, anasogea hadi dawatini huku akiendelea kufundisha. Tatu, anainama na kusema kwa sauti ambayo jirani hasikii: jina, na kazi. "Hamisi, swali la pili." Basi, anaondoka. Kuondoka ni sehemu ya ngazi. Akisimama kusubiri, amefungua shindano, na Hamisi ana watazamaji. Asiulize "Kwa nini unapiga kelele?" kwa sababu swali hilo halina jibu zuri, mtoto atadanganya au atanyamaza, na vyote viwili vitaitwa kiburi. Nne, uchaguzi wa vitu viwili vya kweli: umalizie hapa kimya, au ukamalizie dawati la mbele. Tano, mazungumzo baada ya kipindi, dakika mbili, wakiwa wawili mahali wanapoonekana na watu.

Mazungumzo hayo ndiyo walimu wengi hushindwa, kwa kuwa yanageuka mahubiri. Yafanyiwe mazoezi neno kwa neno:

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba, Hamisi. Leo umemchukulia Neema rula mara mbili. Ilikuwaje?"

"Sina rula, mwalimu."

"Sawa. Neema alishindwa kuchora pembetatu zake. Utafanya nini ili amalize?"

Kisha mwalimu anyamaze. Kimya cha sekunde tano au sita kinamuuma mwalimu kuliko mtoto, na ndani yake ndimo mtoto hupata jibu lake mwenyewe. Akisema "nitamsaidia kuchora," lichukuliwe hilo, lisiongezewe. "Kesho asubuhi nitaangalia." Na kesho asubuhi mwalimu aangalie kweli, maana asipoangalia amefundisha kwamba maneno ni njia ya kukwepa.

Mazoezi haya hufanywa kwa igizo dhima, na hapa wawezeshaji hukosea sana. Walimu wakiigiza wanafunzi huvuka mpaka, ukumbi unacheka, anayefundisha anacheka naye, saa inaisha. Gawanya watu 35 katika vikundi vitatu. Kila mmoja apate dakika tano za kusimama na kuongoza, watatu tu ndio wapewe kadi ya kosa, wengine wote wawe watoto wa kawaida. Kikundi cha watu 12 kinamaliza kwa saa moja. Asiyesimama hajafunzwa, hata kama ameandika kurasa kumi.

Kusifu nako kunafundishwa. "Safi, mpigieni makofi" haimwambii mtoto alichofanya. "Umeonesha hatua zote tatu" inamwambia, na inawaambia jirani zake. Mwalimu mmoja akae nyuma ya darasa la mwenzake kipindi kizima na karatasi yenye safu mbili, aweke mstari kwa kila sifa mahususi na mstari kwa kila karipio. Ampe mwenzake karatasi hiyo wakiwa wawili, wala isipelekwe kwa mwalimu mkuu. Wengi hushtuka wakiiona, na mshtuko huo hauhitaji maelezo.

Kuna jambo linalopitwa haraka kwenye mafunzo mengi nalo ni hasira ya mwalimu mwenyewe. Madaftari 300 ya kusahihisha, nyumba ya kupanga, mtoto wake mgonjwa, halafu kona ya nyuma inacheka. Fimbo nyingi hupigwa hapo, na hazina uhusiano na nidhamu. Afundishwe kutambua mwili wake: taya limekaza, sauti imepanda, anatembea haraka. Dawa yake iwe ya mikono: weka chaki chini, geukia dirishani, toa pumzi polepole mara tatu, kunywa maji. Na iwepo makubaliano na mwalimu wa darasa la jirani kwamba akigonga mlango na kusema "nishikie darasa," hakuna maswali, dakika tatu. Ufimbo wa kuelekezea ubaoni nao uondolewe. Ukiwa mkononi wakati hasira inapanda, utatumika.

Adhabu mbadala zinazopaswa kukataliwa

Shule ikisema imeacha viboko, tazama kilichoingia. Kuchimba kisiki. Kupiga magoti kwenye kokoto saa saba mchana. Kuruka kichurachura kuzunguka bendera. Kushika masikio ukiwa umeinama. Kubandikwa bango shingoni, kuitwa mstarini kutangazwa. Yote haya ni kipigo kwa njia nyingine, na kisiki kina hatari yake pekee, kwa kuwa mtoto wa miaka kumi anapewa jembe na shoka bila msimamizi.

Kipimo ninachokipendekeza ni maswali manne. Je, inahusiana na kosa? Inamwachia mtoto heshima yake? Inamwezekana kwa umri wake? Inarudisha kilichoharibika? Aliyechora dawati alisugue. Aliyechelewa afidie kazi aliyoikosa wakati wa mapumziko ya mchana, baada ya kula. Aliyemtukana mwenzake atafute naye namna ya kurekebisha, siyo kulazimishwa kusema "samahani" mbele ya darasa. Kusafisha choo nisingekitumia kamwe kama adhabu. Choo ni usafi wa wote, kina zamu yake, na kukifanya adhabu kunamfundisha mtoto kudharau kazi ya mtu anayeusafisha mji.

Makosa mazito, wizi na kupigana kwa kuumizana, yana utaratibu wake: watenganishwe, kila mmoja asikilizwe peke yake, aandike au asimulie, kisha mzazi aitwe na kamati ya nidhamu ikae. Asiadhibiwe mtu siku ileile ya tuhuma. Mwaka 2018 huko Bukoba mwanafunzi wa shule ya msingi wa miaka 13 alifariki baada ya kupigwa na mwalimu kwa tuhuma ya kuiba mkoba wa mwalimu mwingine, na mwaka uliofuata mahakama ilimhukumu mwalimu huyo kifo. Nyumba mbili zilibomoka. Laiti ungekuwepo utaratibu wa kulala na tuhuma hadi kesho, mtoto yule leo angekuwa mtu mzima. Na kama katika kumsikiliza mtoto litatoka jambo la kuumizwa nyumbani au kuguswa vibaya, hapo nidhamu imeisha. Linakwenda kwa ustawi wa jamii au dawati la jinsia la polisi, na namba ya simu kwa mtoto ni 116, Tanzania na Kenya.

Baada ya siku tano

Kuna majaribio mawili ya kuwekwa pamoja. Wilaya ya Luwero, Uganda, shule za msingi 42 zilishiriki jaribio la mpango wa shule bora ulioandaliwa na shirika la Raising Voices, kwa miezi 18, ukihusisha walimu, wanafunzi, uongozi na wazazi. Mwishoni, wanafunzi waliosema wamepigwa na mtumishi wa shule wiki iliyopita walikuwa asilimia 31 katika shule zilizoutumia, na asilimia 49 hivi katika ambazo bado. Kwenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma, mpango mwingine mfupi zaidi, wa vikundi vya walimu kukutana na kujifunza kutawala hasira na darasa, ulipimwa kwa uangalifu uleule na haukuonesha kupunguza kipigo. Mimi nasoma hivi: mwalimu peke yake, ndani ya shule na mazingira yasiyobadilika, anabebeshwa mzigo usio wake. Mwanafunzi, mzazi na mwalimu mkuu wakikaa nje, mafunzo yanaliwa na mazoea. Luwero nayo, asilimia 31 ni nyingi. Hakuna anayepaswa kuahidi kwamba kipigo kitaisha kwa muhula mmoja.

Kwa hiyo ratiba ya ufuatiliaji iandikwe kabla siku ya kwanza haijaanza. Ziara wiki ya pili, ya tano na ya tisa. Mwezeshaji aketi darasani, si ofisini. Walimu wawili wawili watazamane mara moja kwa wiki. Kila wiki mbili kikao cha dakika 45 chenye ajenda moja: kilichotushinda. Wiki ya tano ndiyo ya hatari, kwa kuwa watoto wameshajua fimbo haipo na wanapima mpaka uko wapi. Kelele huongezeka kabla ya kupungua, na mwalimu asiyeambiwa hili mapema atatangaza mbinu zimeshindwa. Hatari ya pili ni matokeo ya mtihani wa majaribio wa darasa la nne na la saba. Afisa elimu kata anauliza ufaulu, mwalimu mkuu anawauliza walimu, na jioni hiyo fimbo hutoka stoo. Mwalimu mkuu akishindwa kusimama hapo, yote yaliyotangulia yamekwenda bure.

Mzazi atakuja getini na kusema, "Mwalimu, mchape tu, huyu ametushinda." Asikemewe. Aitwe ndani, aoneshwe daftari la mtoto, aulizwe nyumbani analala saa ngapi na anasomea wapi, na waachane na kazi moja kila mmoja. Kikao cha wazazi cha saa moja mwanzoni mwa muhula, ambamo wanafunzi wenyewe wanaigiza ngazi tano, huondoa maneno ya "walimu siku hizi wamekuwa walegevu" kabla hayajafika sokoni.

Wanaojua kama mafunzo yamefanya kazi ni watoto. Wiki ya tano na ya tisa, wape wanafunzi wa darasa la tatu na kuendelea vikaratasi visivyo na jina, maswali matatu ya ndiyo au hapana: wiki hii mwalimu yeyote amekupiga? Mwalimu yeyote amekuaibisha mbele ya wenzako? Ukiwa na shida, kuna mwalimu unayeweza kumwambia? Wasiojua kusoma vizuri wasomewe na mtu asiye wa shule hiyo. Vikaratasi vitiwe kwenye sanduku lenye kufuli, ufunguo ukae kwa mwenyekiti wa kamati ya shule, usikae kwa mwalimu wa nidhamu. Wanaohesabu wawe wawili, mzazi mmoja na mwalimu mmoja aliyechaguliwa na wenzake, na jumla isomwe kwenye kikao kijacho bila kutaja darasa. Swali la tatu lisomwe kwanza.